Bunduki ya Hodi

Nina hasira, na sitaki mtu anipoze. Walionizoea wamenipoza vya kutosha. Wamenipa chai ya maziwa, wamenipa kiti kinachozunguka, wamenipa cheti cha utumishi mwema, wameniambia kwamba kazi yetu inawafurahisha watu wengi na kwamba mtu wa kazi hiyo hana haki ya kununa. Nimenuna. Nilianza kununa kwenye toleo la sita, sasa tuko la kumi na saba, na mtu akiniuliza nimeishi miaka mingapi nitamjibu kwa matoleo, kwa sababu mji wetu hauna hesabu nyingine.

Katika mji huu kuna Nyumba inayotengeneza michezo ya video, na Nyumba hiyo inatengeneza mchezo mmoja tu. Unaitwa Vita. Kila toleo jipya linapozinduliwa sote tunakusanyika ukumbini, saa kubwa ya ukutani inarudishwa kwenye sifuri, na karani anasoma majina yetu pamoja na umri wetu kama ulivyoandikwa siku tuliyoajiriwa. Tunaitika. Machumu, miaka ishirini na sita. Nipo. Nimekuwa na miaka ishirini na sita kwa matoleo kumi na moja mfululizo. Nywele zangu zinasema mengine na magoti yangu yanasema mengine, lakini daftari la karani halisikilizi magoti ya mtu. Baada ya hapo tunapiga makofi, tunarudi kwenye meza zetu, na siku ya kwanza inaanza tena.

Kazi yangu ni kutu. Mtu asidhani natania. Katika toleo la sita nilipaka kutu kwenye mtutu wa bunduki ya askari mkuu. Katika la saba niliihamishia kwenye kitako. Katika la nane niliiondoa kabisa, na matangazo yakabandikwa mji mzima kwamba sasa kuna bunduki ambayo haijapata kuonekana, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Katika la tisa niliirudisha, na foleni ikapangwa tena. Juu ya mlango wa ukumbi wetu yameandikwa maneno UBUNIFU NDIO PUMZI YETU, kwa herufi zenye ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Hupakwa rangi upya kila toleo, rangi ileile, kutoka kopo lilelile. Mimi hupita chini ya maneno hayo kila asubuhi nikiwa na brashi yangu ya kutu, na hakuna hata siku moja ambayo ukuta uliona aibu.

Askari wa kumi na nne katika Vita ana sura yangu. Walipokosa sura walichukua zetu, na yangu ilichukuliwa nikiwa na ishirini na sita ya kweli. Sasa kila siku, katika vyumba nisivyovijua, watu nisiowajua wananipiga risasi. Nadondoka nyuma ya ukuta uleule. Nasema neno lilelile. Halafu nasimama. Nikienda kunawa uso namwona yeye kwenye kioo cha choo, kijana mwenye mashavu, na inanibidi nijiguse ndevu ndipo nijue ni nani kati yetu aliyekuja kunawa. Huwa najiuliza swali moja tu, na ndilo lililonizeesha kuliko kazi yenyewe. Mtu anayeirudia jana yake kwa rangi nyingine, je, anaishi au anachezwa? Nimeliuliza swali hili mezani, nimeliuliza kitandani, nimewauliza wenzangu wakati wa chai. Wenzangu waliniambia nipunguze sukari.

Mmoja hakusema hivyo. Anaitwa Nyamizi, na meza yake ilitazamana na yangu. Kazi yake ilikuwa moshi: moshi wa bomu, moshi wa gari, moshi wa nyumba iliyoungua. Daftari lilimwandika miaka ishirini na nne. Alikuwa na mvi zilizojaa kichwa kizima na wajukuu wawili. Alilisikiliza swali langu hadi mwisho, akameza chai yake, akasema kwamba yeye hana jibu lakini ana mchezo.

Aliuita Ndoo. Katika mchezo wa Nyamizi mchezaji hakuwa askari wala mfalme, wala mtu yeyote. Mchezaji alikuwa maji. Unaanzia bondeni, unachotwa na kumiminwa kwenye ndoo, na ndoo inapokezwa mkono kwa mkono hadi juu ya kilima, ambako kuna mama anayejifungua na watu wa nyumba yake wanasubiri maji ya kumwogesha mtoto. Kila anayekubeba ana shida yake. Babu mmoja ana dawa mkononi na hana cha kuimezea. Mwashi udongo wake umekauka kabla hajamaliza ukuta. Mama mmoja ana ndama aliyelegea kwa kiu. Wanakuomba. Unaweza kukubali, ukapungua. Unaweza kukataa, ukawa mzito, na anayekubeba akaanza kuyumba. Hapakuwa na pointi. Nilimuuliza Nyamizi mtu atajuaje kwamba ameshinda, akanitazama kama mtu aliyeulizwa wali unaliwaje. Akasema kule juu mtoto ataogeshwa au hataogeshwa, na hilo linatosha.

Sikuwahi kutamani kitu namna ile. Tulikiunda kitu chetu kwa matoleo mawili, saa za chai, nyuma ya maboksi ya stoo. Yeye alichora, mimi nikaandika mahesabu ya maji: yanavyotikisika, yanavyomwagika, yanavyobaki ukingoni ndoo ikiinamishwa. Mikono yangu iliyozoea kutu ilijifunza upya. Siku maji yalipotikisika kwa mara ya kwanza kama maji ya kweli, Nyamizi aliinua miguu yake kutoka sakafuni bila kufikiri, asilowane. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilikuwa na umri wangu wa kweli siku ile, na ulinitosha vizuri.

Sasa sikiliza sheria. Kila mtengenezaji anaruhusiwa kuleta mchezo wake mwenyewe mbele ya Baraza la Nyumba mara moja tu maishani. Ukipita, mchezo unatolewa na saa yako hairudishwi tena. Unaruhusiwa kuzeeka kama watu wengine. Ukikataliwa, mchezo unafutwa na wewe unarudi kwenye kutu yako mpaka uzikwe. Nyamizi na mimi tuliunganisha nafasi zetu mbili katika mchezo mmoja. Kwa hiyo kama Ndoo ingekataliwa, wote wawili tungekuwa tumekwisha.

Na kuna desturi ambayo haikuandikwa popote, ila kila mtu anaijua. Mchezo mpya hauingii barazani mikono mitupu. Lazima uwe na bunduki, hata moja, hata ndogo, iwekwe mahali ambapo mchezaji ataifikia. Tunaiita bunduki ya hodi, kwa sababu huingii nyumba ya watu bila kubisha. Kila anayeiweka husema ataiondoa akishapita. Nimewaona. Mmoja alileta mchezo wa kulea mapacha, na leo mapacha wale ni askari wa miavuli. Mwingine alileta mchezo wa saluni, wa kusuka nywele na kupiga soga, mchezo mzuri uliochekesha mpaka ukajisahau. Sasa unasukia nywele ndani ya handaki na wateja wako wanakufa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiondoa bunduki yake. Ukiwauliza, wanainua mabega.

Nyamizi hakutaka kuisikia. Nilimsogelea mara tatu kwa upole, nikimweleza kwamba ni heshima tu, ni kama kuvua viatu mlangoni. Mara ya tatu aliweka penseli chini.

"Ukiiweka, Machumu, tutakuwa tumeomba ruhusa ya kutengeneza Vita," alisema. "Hiyo ruhusa tunayo tayari. Sikuhitaji kuota mvi kwa ajili yake."

Hoja ya Baraza ni moja na inajulikana: wachezaji ndio wanaoitaka bunduki. Na ushahidi wa hoja hiyo ni mtu, jina lake Kasembe. Kasembe ndiye mjaribu wa Nyumba tangu toleo la kwanza. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti, kushika pedi ya kuchezea na kucheza, na kidole gumba chake cha kulia kimezoea kitufe cha kufyatulia hata hakijui tena kutulia. Kinacheza anapokula ugali. Kinacheza anapokupa mkono, kikikukwaruza kiganja. Wanasema siku ya maziko ya mke wake kilicheza juu ya udongo. Baraza humwangalia kidole tu. Kikienda mbio, mchezo umepita, kikizubaa, umekwisha. Wamekichorea na chati. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, niliiamini chati ile kuliko nilivyomwamini Nyamizi.

Kwa sababu niliogopa. Niseme wazi, kwa kuwa hasira isiyosema ukweli ni kelele tu. Asubuhi ya Baraza nilifika kabla yake. Nikawasha mashine. Nikaenda kwenye Vita nikachukua bunduki, ileile yenye kutu yangu kwenye kitako, nikailaza kwenye majani, mahali yule mama wa ndama anapopokea ndoo. Nusu yake tu ilionekana. Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikajiambia: nitaiondoa tukishapita. Maneno hayo. Kwa sauti yangu. Mdomo wangu ulivyokuwa mwepesi! Nilimwona askari wa kumi na nne kwenye kioo cheusi cha skrini, naye alikuwa anainua mabega. Nyamizi alipoingia alinikuta nimekaa, akaniuliza kama nimelala vizuri, nikamwambia nimelala.

Baraza lina watu saba, na katikati anakaa Bwana Shekalage, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Hajawahi kucheza mchezo wowote. Husema macho yake hayamruhusu. Mbele yake huweka picha za Vita iliyopita, na mchezo mpya unapoonyeshwa yeye hutazama picha kwanza, halafu skrini, halafu picha tena, kama mshonaji anayehakikisha mikono miwili ya gauni imelingana. Kisichokuwepo kwenye picha hukiwekea alama ya kukatwa. Nyamizi alieleza mchezo wetu kwa sauti isiyotetemeka. Shekalage alikuwa tayari ameweka alama nane. Halafu akamwashiria Kasembe aanze.

Ndoo ikajaa. Kidole cha Kasembe kikaanza mara moja, tiki tiki tiki, kinabofya kitufe kisichokuwa na kazi yoyote. Maji yakatikisika kidogo. Tiki tiki. Mjumbe mmoja akakohoa, mwingine akaangalia chati. Ndoo ikamfikia babu mwenye dawa. Babu akaomba. Kasembe akamtazama muda mrefu, na kidole kikapunguza mwendo, kikawa kinabofya kama mtu anayebisha mlango wa chumba cha mgonjwa. Halafu Kasembe akasema, taratibu, akiwa amesahau kwamba tupo, "Shikamoo."

Alimwamkia mtu wa kwenye skrini. Akampa maji. Akaupokea upungufu wake bila manung'uniko na kuendelea kupanda. Alipofika kwa mwashi aliinama mbele kwenye kiti, akauma mdomo, akipima ni kiasi gani anaweza kutoa na bado akafika, na mimi nilikuwa nakitazama kidole. Kilikuwa kimetulia. Kililala ubavuni mwa pedi kimetulia kabisa, kidole cha mtu yeyote, kidole cha baba wa watu. Nyamizi akanishika mkono chini ya meza. Hakuna toleo lililowahi kukituliza kidole kile, hakuna mke, hakuna msiba. Hata Shekalage aliacha kuangalia picha zake. Laiti ningekuwa na miguu ningeruka nikang'oa waya ukutani. Nilikuwa nayo miguu. Sikuruka.

Ndoo ikamfikia mama wa ndama. Majani yakafunguka, na kitako chenye kutu kikaonekana.

Kidole kilikiona kabla Kasembe hajakiona, kikabofya, na bunduki ikainuka kutoka kwenye majani. Sitasimulia sana. Mama wa ndama alianguka wa kwanza, halafu ndama, halafu mwashi kule chini, halafu babu, aliyekuwa bado anafuta midomo. Ndoo ikabingirika kilima kizima. Wajumbe wakasimama. Wakapiga makofi, wakapigana mabega, mmoja akafuta machozi ya furaha. Kasembe aliendelea kufyatua hata palipokuwa hapana mtu tena wa kumfyatulia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepigiwa kelele na mkono wake mwenyewe. Mimi nilitazama sakafu. Mkono wa Nyamizi ulikuwa umeshatoka mkononi mwangu.

Bwana Shekalage alisema kwamba sasa huu ndio ubunifu. Akasema amefurahi kuona vijana wa ishirini na nne na ishirini na sita wakileta mambo mapya. Mchezo umepita. Utaitwa Vita: Kilima, na utakuwa toleo la kumi na nane. Ndoo igeuzwe sanduku la risasi. Ile sehemu ya mwanzo ya kuombwa-ombwa maji ifupishwe. Na yule mama anayejifungua kule juu aondolewe kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa hakuna mchezaji atakayefika huko.

Nyamizi alinisubiri nje ya mlango. Aliniuliza niliiweka lini. Nikamwambia asubuhi. Nilitegemea atanipiga, na Mungu shahidi yangu ningemshukuru.

"Kilikuwa kimetulia," alisema. "Ulikiona?"

Nikasema nilikiona. Alikwenda moja kwa moja kwa karani, akamwambia afungue daftari aandike miaka hamsini na tatu kwenye jina lake. Karani akamjibu kwamba daftari halina nafasi ya namba kama hiyo, na kwamba kwa vile mchezo umepita saa yake itaachiliwa, asiwe na wasiwasi, kuna utaratibu. Nyamizi akamnyang'anya kalamu. Aliandika namba yake kwa mkato mzito, karatasi ikachanika, kisha akalifuta jina lake kwenye mchezo na kuondoka kwa miguu kupitia lango kuu, mchana kweupe, bila mkoba. Mlinzi alimuuliza anarudi saa ngapi. Sikusikia jibu. Nimekaa na hasira yangu tangu pale na nimeigeuza kila upande: nimewachukia wajumbe saba, nimeichukia chati, nimeuchukia mji unaopanga foleni kwa ajili ya kutu, na kila ninapomaliza kuchukia wengine inabaki nafasi moja, ya mtu mwenye chai isiyopoa.

Saa tano na nusu nilipanda kilima kwa mara ya mwisho. Kule juu Nyamizi alikuwa amechora chumba kimoja chenye mkeka, beseni tupu, shangazi aliyesimama mlangoni akitazama njia, na mama mwenyewe, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, akisukuma. Alikuwa amempa kovu dogo kwenye nyusi. Sijui la nani. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Swali zuri sana hilo. Mashine ndiyo peke yake iliyoniuliza siku nzima. Nikabofya ndiyo. Aliondoka shangazi kwanza, halafu beseni, halafu mama na kovu lake, na kilima kikabaki kilima.

Ndipo Kasembe alipoingia. Hakuwa amewahi kufika kwenye chumba chetu. Wajaribu hawachanganyiki na sisi. Alisimama karibu na meza ya Nyamizi, mkono wa kulia ameufunga kwa leso, kidole kikihangaika ndani ya kitambaa. Alinisalimu kwa adabu, akaomba radhi kwa usumbufu. Akasema ana swali dogo. Alitaka kujua kuhusu yule mama kule juu, kama kulikuwa na njia ya kumwona, hata kwa dakika moja.

Nikamwambia nimemfuta.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefika hospitali akaambiwa kitanda kimeshatandikwa. Akasema kwamba alipofika kwa mama wa ndama alikuwa bado na nusu ndoo, alikuwa ameipima kwa macho, na aliazimia kumpa ndama kikombe kimoja tu.

"Ile nusu," aliuliza, "ingetosha?"

"Ingetosha," nikasema.

Kasembe akaitazama skrini yenye kilima kitupu. Taratibu uso wake ukabadilika, na nikaona kitu ambacho matoleo kumi na saba hayakuwahi kukiweka usoni mwa mchezaji: alikuwa amekasirika, hasira ya kweli ya mtu mzima, iliyozidi yangu.

"Sasa ile bunduki mliniwekea ya nini?"

Nikamwambia tulidhani ndiyo anayoitaka. Nikamwambia kuna chati.

"Miaka yote hii, bwana," Kasembe akasema, "nani aliniuliza?"

Akavuta kiti cha Nyamizi, akakaa, akaweka mkono wake uliofungwa juu ya meza mbele yangu, na kusubiri nimjibu.